Fleshi Yenye Utepe Mweusi

Kuna watu ukiwapa kisu wakumenyee kitunguu, wanakurudishia kidole. Mkwe wangu ni wa kundi hilo.

Mliokuwa nami tangu mwanzo mnamjua. Rodante, mume wa binti yangu wa pekee Liway, alisomea kompyuta kwa muda mfupi kuliko ule anaotumia kuchana nywele, na hadi leo anataka aitwe Injinia. Ndiye aliyemchinja Jenerali, jogoo wa kupigana wa marehemu mume wangu, akamtia tangawizi na papai bichi, akawaita wenzake wakamnywa mchuzi. Tangu siku ile sijamsemesha. Nikitaka kumwambia jambo, namwambia paka.

Na mara ya mwisho mliniacha nimesimama sebuleni mbele ya kompyuta kubwa, ile inayoziamrisha zile nne za kukodisha kwa sarafu zilizopo barazani. Kioo kimekuwa cheusi kama sufuria ya msibani, kuna kijistari kimoja cheupe kinakonyeza pembeni. Mkwe wangu akaja, akaitazama, akaweka mikono kiunoni kama mtu anayepigwa picha.

"Mwili upo, roho hakuna," akasema. "Inatakiwa kupigwa windo upya, ule mfumo unaoiendesha."

"Na wewe ndiye utakayeipiga?" Liway akamuuliza mumewe.

"Kuna mwingine humu ndani?"

Nikamtazama paka. "Muning, umesikia? Aliyemuua Jenerali sasa anafufua wafu."

Rodante akajifanya hakusikia. Akaanza kutuhubiria. Eti unachukua fleshi, unaigeuza. Si fleshi ya kubebea nyimbo tena, inakuwa mwalimu. Mashine iliyosahau hata jina lake inaamka, inamkuta mwalimu mlangoni, inafundishwa kila kitu upya.

"Ila fleshi yenyewe lazima ifutwe kwanza," akaongeza, jicho moja kwangu. "Na mashine nayo inafutwa. Kilichomo humo kinakwenda na maji. Lazima watu wajue."

"Muning," nikasema, "mwambie anayenguruma hapo kwamba chetu tunacho mahali salama."

Sasa hicho chetu ndicho kilichonifanya niandike habari hii, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Mume wangu, Mzee Usting, aliimba Mateso ya Bwana kila Kwaresima hapa mjini kwetu Binangonan. Hakuwa na sauti nzuri. Alikuwa na sauti ya kweli. Kwaresima yake ya mwisho Liway alimrekodi kwa simu, mzee amekaa chini ya turubai na shati lake la mistari, kola imeisha, koo limejaa mchanga. Anaimba, anakohoa katikati ya ubeti, kisha anarudi palepale alipoachia, kama fundi cherehani aliyekatikiwa na uzi. Nyuma yake unamsikia Jenerali anawika.

Simu ile ilianguka ziwani. Ikabaki nakala moja ndani ya kompyuta kubwa, na nakala moja kwenye fleshi.

Fleshi yenyewe tulipewa na mgombea udiwani. Wenzake waligawa feni za karatasi, yeye akajidai wa kisasa, akagawa fleshi mtaa mzima, sura yake imechapwa ubavuni, meno yote nje, kama mtu aliyeona mkungu wa mwenziwe umedondoka topeni. Kura alikosa. Meno yakabaki. Hakuna nyumba hapa kwetu isiyo na meno yale.

Ya kwangu niliifunga kwa utepe mweusi, ule niliobandika kifuani siku ya mazishi, nikaifunga kwenye mguu wa sanamu ya Mtoto Yesu pale altareni, ndani ya gauni lake. Nani angeigusa hapo?

Na Jumapili ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Mwaka umetimia, tunavua nyeusi, tunakula, tunamwachia marehemu aende zake. Ukoo wote unakuja. Na mwenye kuja mbele ya wote ni wifi yangu Salud, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke aliyesema mbele ya jeneza, watu wamejaa, kikombe cha kahawa mkononi: "Kaka yangu amekufa kimya humu, kama mbwa wa kufikia."

Nilimjibu pale pale. "Siku ya kuvua nyeusi, wifi, utamsikia mwenyewe kama alikuwa kimya."

Neno limeshatoka. Jumapili nisipomsikilizisha sauti ya kaka yake, Salud atalibeba neno lake hadi kwake Batangas na kulitangaza kila kituo cha basi. Na mimi nitakuwa nimebaki na picha ukutani, ambayo haikohoi.

Salud alifika Alhamisi. Alikuja na mto wake wa kulalia, kwa kuwa haamini mito ya watu. Hakuvua hata viatu, akasimama mbele ya altare.

"Wifi! Mtoto amevaa gauni hili? Hili la kijani, lililopauka hivi?"

"Ndilo alilonalo."

"Wageni watakuja wamwone hivi, waseme nyumba ya kaka yangu imeoza mpaka mbinguni?"

Akamvua Mtoto, akamwogesha kwa pamba na mafuta, akatoa kwenye begi lake gauni jekundu lenye nakshi za dhahabu, refu mno, akamwaga kopo langu la biskuti lenye nyuzi mezani pote, akakaa kulikunja pindo. Nikamwacha. Mtu aliyeshika sindano mdomoni hawezi kunisema, na hayo ndiyo mapumziko pekee niliyopata naye.

Barazani Injinia alikuwa ameshaanza kazi.

Alikaa kwenye mashine ya tatu. Mashine zetu hizi ni za kabati. Unatia peso yako, unapata dakika zako, zikiisha inazima yenyewe, uwe umemaliza au hujamaliza. Na ikizima imesahau. Marehemu alizifunga hivyo makusudi, watoto wasizijaze uchafu: kila ikiwaka ni kama imezaliwa leo asubuhi.

Mashine ya tatu mdomo wake wa sarafu uliziba, mtu aliulisha pete ya bati. Dakika zake huongezwa kwa kufungua kisanduku na kubonyeza kitufe cha ndani, na ufunguo wa kisanduku anao Rodante, anauvaa shingoni kama medali. Marehemu ndiye aliyempa. Mimi nisingempa hata ufunguo wa banda la kuku. Hasa wa banda la kuku.

Basi akawa anashusha faili la huo mfumo. Faili zito kama nyati aliyekwama shambani. Mstari wa kijani unatambaa kwenye kioo, unatambaa, asubuhi nzima. Ulipokaribia mwisho Injinia akaona amekwisha kuwa tajiri, akaenda dukani kwa jirani yetu Bi Goring kununua sigara na kujisifu.

Nilimsikia kutoka jikoni.

"Bi Goring, wenye ofisi zao kule mjini wangewatoza pesa nyingi kwa kazi hii."

"Na wewe unatoza nini, Dante?"

"Mimi ni familia."

"Hata Jenerali alikuwa familia."

Watu wakacheka. Injinia akawasha sigara ya pili ili aibu ipite. Aliporudi mashine ya tatu imezima, nyeusi tititi. Dakika zilikuwa zimeisha. Akaiwasha: imezaliwa upya, haina nyati, haina hata kwato.

Mtu anayefanya kazi kwenye mashine za sarafu kila siku, anayewafokea watoto wa watu "dakika zenu zimeisha, tokeni," amesahau kuhesabu zake! Nilikuja mlangoni na mwiko wangu mkononi, nikamwinua paka ili aone vizuri.

"Tazama, Muning. Elimu."

Rodante akavuta kiti. Akaanza upya, na safari hii alikaa. Kila mara anafungua kisanduku, anabonyeza kitufe, anafunga. Anafungua, anabonyeza, anafunga.

Faili liliposhuka lote, akaita ndani. "Mama, una fleshi isiyo na kazi?"

Nikaendelea kuchagua mchele.

"Mama?"

"Muning, hivi kuna nzi humu ndani?"

Liway akaguna, akaenda kwenye kopo la biskuti, akachakura kati ya nyuzi na vifungo, akatoa fleshi ya diwani. Tulikuwa tumepewa mbili, yake na ya kwangu. Mimi nikageuza shingo nikatazama altare. Chini ya gauni jekundu, ncha ya utepe mweusi inaonekana. Moyo ukatulia. Hiyo yenu chezeeni.

Rodante akaichomeka. Halafu akanyamaza. Mwanamume yule hanyamazi hata akila. Akavaa vile vidude vya kusikilizia masikioni. Nilimwona kwa mgongo, mabega yameshuka. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Mama," akasema, polepole. "Humu kuna kitu."

Sikumjibu.

"Nakuuliza kwa heshima, Mama. Unakijua kilichomo? Nikishabonyeza hapa hakuna kurudi."

Nikafungulia redio, sauti juu, nikasema juu ya redio: "Muning, mwambie abonyeze tu. Mikono yake imezoea kumaliza vya watu."

Kiti kikalia. Akabaki ameinama pale muda mrefu, anafanya nini sijui, maana sikutaka kujua. Kisha nikasikia amebonyeza.

Kuanzia hapo nilimwona mkwe wangu amerukwa na akili. Mwalimu wake wa fleshi tayari, mgonjwa yuko sebuleni, lakini yeye hatulii sebuleni. Anakuja ndani kidogo, anatoka mbio barazani, anafungua kisanduku cha mashine ya tatu, anabonyeza, anarudi. Kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ijumaa asubuhi tulimkuta amelala kitini mbele ya ile mashine, shavu kwenye kabati, mate yanamtoka.

"Fundi yuko nje, mgonjwa yuko ndani," Salud akasema, akipita na ndoo. "Na kioo kinawaka bure. Umeme wa kaka yangu."

Mara moja ile nilikubaliana na Salud. Niliona vibaya kukubaliana naye, lakini ukweli ni ukweli.

Sasa mje mwone alivyomwamsha mgonjwa. Kompyuta kubwa, ukiiwasha, inajitazama ndani yake mwenyewe, inakuta hamna kitu, inakufa tena. Inabidi uivizie pale inapofumbua jicho, ubonyeze kitufe chake, uiambie: usijitazame wewe, mtazame mwalimu. Kitufe kipi? Injinia hajui. Akabonyeza cha juu, akabonyeza cha pembeni, akabonyeza viwili pamoja. Akachelewa. Akawahi mno. Akazima, akawasha, akazima, akawasha, mpaka majirani wakadhani ni taa za Krismasi.

"Labda inataka uipigie magoti," Bi Goring akamwambia kutoka dirishani.

"Bi Goring, hii ni kazi ya kitaalamu."

"Naona. Hata mtaalamu mwenyewe haijui."

Jumamosi mchana, wanawake wa mtaa wamekuja kumenya karoti za tambi za Jumapili, ndipo ikakubali. Kioo kikageuka buluu. Vidoti vikaanza kuzunguka. Kisha ikauliza: nifute vyote nilivyokuwa navyo? Rodante akapangusa vidole kwenye suruali, akabonyeza ndiyo. Wanawake wakapiga makofi na visu vyao mkononi. Liway naye alipiga, kisha akaondoka mbio kwenda kanisani kuchukua maua. Mimi sikupiga. Mtu hapigiwi makofi kwa kuzima moto uliomshinda siku mbili.

Kazi ilipokaribia kuisha nikasema, kwa paka lakini wote wasikie: "Twende kwa Bi Goring, Muning. Tukamjaribu mzee kwenye karaoke, kesho asije akakwama."

Rodante akaruka. "Mama, ngoja kidogo. Ngoja hii imalize, nikuonyeshe kitu..."

Nilikuwa nimeshafungua utepe mguuni mwa Mtoto. Nikatoka na fleshi yangu kiganjani.

Kwa Bi Goring wakanifuata wote, na Salud mbele, mikono imekunjwa kifuani, kama hakimu. Bi Goring akaichomeka fleshi kwenye lile sanduku la karaoke. Akabonyeza. Tukangoja.

*Hakuna wimbo.*

"Bonyeza tena," nikasema.

*Hakuna wimbo.*

Akaitoa, akaipuliza, akaipangusa kwenye sketi, akairudisha. Meno ya diwani yakanichekea. *Hakuna wimbo.* Ndani ya fleshi ile hamkuwa na kikohozi, hamkuwa na jogoo, hamkuwa na kitu.

Salud alingoja mpaka kimya kikaiva.

"Basi ndiyo sauti yenyewe? Kaka yangu ameimba vizuri kweli."

Niliona jambo moja tu, na nililiona lote kwa mara moja, kama mtu aliyewashiwa taa: amezibadilisha. Mchana wa kwanza aliposema humu kuna kitu, kumbe alikuwa na ya kwangu. Ametoa ya altareni, amemfuta mume wangu, amefunga ile tupu kwenye utepe ili nisijue.

Nilirudi nyumbani kwa magoti haya ninayowaambia kila wiki kuwa hayapandi ngazi. Ngazi sikuiona. Kompyuta kubwa inang'aa, na ubavuni mwake, yale meno mengine yamejitokeza, yamenitolea ufizi.

"Rodante."

Akageuka. Uso ukamfunguka wote. "Mama! Umenisemesha!"

"Nimekufukuza. Toka nyumbani kwangu."

"Ndiyo, Mama, lakini umenisemesha..."

"Ulikula jogoo wake, nikakaa kimya. Sasa umemla na mwenyewe!"

"Sauti? Mama, ile sauti mimi..."

"Usiitaje! Usiitaje kwa mdomo huo uliomla Jenerali!"

"Mama, naomba dakika moja tu. Altare sijaigusa, naapa. Njoo barazani nikuonyeshe..."

"Barazani ndiko unakokwenda. Na usisimame hapo. Ukifika barazani endelea."

Nilikuwa na mwiko. Sisemi niliutumia, sisemi sikuutumia. Wanawake wa karoti walisogeza mabeseni yao wampishe. Alifungua kinywa mara ya tatu, akaniangalia, akaufunga. Akachukua begi lake, akatia shati moja, kofia akaivaa vibaya, kisogo mbele. Mlangoni akageuka.

"Mashine ya tatu, Mama. Mwambie Liway mashine ya tatu."

"Muning," nikasema, "mwambie hata ya mia."

Akaondoka, medali yake inaning'inia shingoni.

Wanawake wakarudi kwenye karoti kwa bidii isiyo ya kawaida. Salud alikuwa amesimama mbele ya altare, anamrekebisha Mtoto pindo.

"Sasa huyo kijana umemfukuzia nini?" akauliza.

"Ameibadilisha fleshi ya kaka yako. Ilikuwa hapo, mguuni."

"Hilo jino? Si mimi nililitoa?"

Nikamwangalia.

"Siku ile ya kumwogesha," akasema, bila hata kugeuka. "Nikakuta Mtoto wa Mungu amefungwa mwanasiasa mguuni. Nikafungua. Nikaliweka mezani. Halafu nilipomwaga nyuzi likatoka jingine, sura ileile, meno yaleyale. Nikasema labda ndiyo imani yenu ya huku. Nikafunga mojawapo, jingine nikalirudisha kwenye kopo."

"Mojawapo?"

"Sasa mimi nitajuaje? Unaweka sauti ya kaka yangu kwenye takataka ya kampeni, kisha unaniuliza mimi mojawapo!"

Kumbe ile ya kopo, ile Liway aliyomchakuria mumewe, ndiyo ilikuwa yenye mzee. Na mimi ndiye niliyekaa pale na mchele wangu nikasema: mwambie abonyeze.

Sikutaka kukaa. Nikakaa.

"Nakwenda kupanga viti," Salud akasema, akijifunga kitambaa kichwani. "Na hayo makabati yako ya kamari yanatoka barazani leo hii. Watu wa heshima hawawezi kuvua nyeusi katikati ya michezo ya watoto."

Akatoka. Sikumzuia. Ningemzuia kwa nguvu gani?

Ndipo Liway akaingia, kifua kimejaa maua meupe.

"Mama, mbona nimemwona Dante kwenye kona anaita pikipiki? Ana begi."

"Nimemfukuza."

Maua yakashuka mpaka tumboni. "Kwa sababu gani?"

"Amemfuta baba yako."

"Nani amemfuta? Mama! Alimsikiliza! Alimsikiliza wote, mpaka Jenerali alipowika. Alivua kofia, hukumwona? Akakuuliza. Mara mbili akakuuliza, wewe ukamjibu paka!"

"Lakini alibonyeza. Nilimsikia."

"Alibonyeza baada ya kumtoa. Baba yuko mashine ya tatu. Alimweka pale kwanza, ndipo akaifuta fleshi. Alikuwa anangoja kubwa ipone amhamishie huko, kesho asubuhi wageni wakiingia wewe umsikie baba anaimba. Alitaka uanze kumsemesha siku hiyo."

"Mashine ya tatu inasahau," nikasema.

"Ikizima ndipo inasahau. Kwani unadhani alikuwa analala pale kwa nini? Anafungua, anabonyeza, anafunga. Unadhani alikuwa anacheza?"

"Simu hana? Si angemtia kwenye simu?"

"Simu gani, Mama? Yake ya vitufe. Yangu imejaa haipokei hata picha ya maua haya."

Mtanisamehe, lakini sikusema nimekosa. Aliyemla Jenerali amemla Jenerali, na jambo hilo halifutwi na fleshi yoyote. Nilichouliza ni hiki tu:

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Sijui! Anayejua ni yeye. Na ufunguo anao yeye."

Ufunguo. Shingoni, kama medali.

Nilitoka kwenda barazani, Liway nimemwacha ndani na maua yake. Mlangoni pale ukisimama unaona pande zote mbili za dunia yangu.

Kulia, mashine ya kwanza nyeusi. Ya pili nyeusi. Ya nne nyeusi. Salud ameinama kati ya viti, kitambaa kichwani, amekusanya nyaya za zile tatu mkononi kama mwanamke aliyenunua fungu la mboga ya kangkong sokoni, na mkono wake mwingine unapapasa ukutani unatafuta waya uliobaki. Mashine ya tatu inawaka. Pembeni mwa kioo tarakimu za dakika zimegeuka nyekundu, na kwetu nyekundu maana yake zinaisha.

"Wifi," akauliza bila kuinuka, "hii nayo ndiyo ya wapi?"

Kushoto, pale kwenye kona, pikipiki yenye kigari imeshapigwa kiki. Rodante amekaa ndani, begi mapajani, kofia kisogo mbele, anatazama mbele kama watu wanavyotazama wakiwa hawataki waonekane wanalia. Dereva anageuza gurudumu.

Pumzi niliyokuwa nayo ilitosha jina moja. Nikimwita Salud, ufunguo unaondoka. Nikimwita Rodante, waya unang'oka. Na jina la mkwe wangu, nje ya kumfukuza, lilikuwa halijapita kinywani mwangu tangu siku ya ule mchuzi.

Muning alikuwa amekaa katikati ya mlango, mkia umezunguka miguu, ananitazama usoni kama ilivyo kawaida yake, anangoja nimwambie amwambie nani nini.